Unashona midoli Kampala na unataka kuuza Marekani au Ulaya? Soma hii kabla hujakata kitambaa

Haya jamani, hili swali nimeulizwa mara nyingi mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi za WhatsApp, acha niandike yote mara moja. Kikundi chetu tuko wanawake saba, tunashonea Makindye, wawili wametoka Bunia, mmoja Mnubi wa Bombo, mimi mtu wa Busia, wengine wa hapahapa, na Kiswahili ndo lugha tunayogombania nayo bei ya uzi. Tunatengeneza midoli ya kitambaa, tembo na twiga wa kujazwa pamba, bangili za shanga za karatasi, na vigari vya mbao ambavyo anatuchongea fundi mmoja wa Ndeeba.

Oda yetu ya kwanza ya nje ilikuwa midoli 60, kaduka kadogo huko Marekani, mama mwenyewe mpole kabisa. Tukashona usiku na mchana, umeme ukikatika tunawasha tochi za simu, tukamaliza, nikamtumia picha. Akajibu imependeza sana, sasa nitumie karatasi za vipimo vya maabara ili niandike CPC. Mimi nikadhani CPC ni namba ya paseli, nikaenda mpaka kwa watu wa mizigo kuuliza, wakanicheka. Kumbe ni cheti cha bidhaa ya mtoto, bila hicho yeye haruhusiwi kuuza hata mdoli mmoja, na anayekiandika ni yeye anayeingiza mzigo lakini anakiandika kwa kutegemea vipimo vya hicho ulichokitengeneza wewe. Na kwa jinsi tulivyokuwa tumeshaitengeneza ile midoli, macho ya vifungo aina nne, midomo ya rangi ya kopo, vitambaa kumi na kitu, kuipima kungekula hela yote ya oda na ya mwezi uliofuata. Ile 60 tuliiuza hapahapa mmoja mmoja, mingine ikaishia kuwa zawadi za ubatizo.

Wengi wanadhani hizi sheria ni njama ya wazungu ya kutufungia mlango sisi. Sio, manake walioumia wa kwanza walikuwa mafundi wao wenyewe. Mwaka 2006 kuna mtoto wa miaka 4 huko Minneapolis alimeza kidani cha bangili, kile kidani kilikuwa karibu chote ni risasi (sio ya bunduki, nasema yale madini), akafa. Mwaka 2007 ikawa balaa zaidi, Mattel, kampuni kubwa kabisa, ikarudisha mamilioni ya midoli na magari ya kuchezea yaliyotengenezwa China, mengine kwa sababu ya rangi yenye risasi na mengine kwa sababu ya sumaku ndogo zinazochomoka. Wazazi wakachachamaa, Bunge lao likapitisha sheria inaitwa CPSIA, Rais George W. Bush akaisaini tarehe 14 Agosti 2008. Ilitungwa kwa kufikiria viwanda vinavyotoa laki na laki, ila maneno yake hayasemi kiwanda, yanasema bidhaa iliyokusudiwa hasa mtoto wa miaka 12 kushuka chini, kwa hiyo bibi anayefuma soksi sebuleni kwake naye yumo. Mafundi wa kule wakalia, wakaunda umoja wao, Handmade Toy Alliance, maduka ya mitumba yakachanganyikiwa, mpaka vitabu vya zamani vya watoto vikaingia kwenye ugomvi. Tume inayosimamia, CPSC, ikasogeza mbele sehemu kubwa ya masharti ya kupima kwa mwaka mmoja, halafu mwaka 2011 Bunge likairekebisha kidogo kuwapa wadogo nafuu ambayo nitaieleza. Na kinachoniuma mpaka leo, Mattel hao hao waliruhusiwa kupimia kwenye maabara zao wenyewe, fundi wa mkono ndo akaambiwa apeleke kwa mtu wa nje.

Sasa kitu nilichochelewa sana kukielewa ni hiki: bili ya maabara haiangalii wewe ni mkubwa au mdogo, inahesabu vitu tofauti vilivyomo ndani ya mdoli wako. Kila rangi ya kupaka ni kipimo, kila aina ya kifungo ni kipimo, zipu ni kipimo. Mwenye kiwanda anatoa midoli elfu hamsini ya aina moja, anapima mara moja, gharama inapotelea humo. Sisi tunatoa aina kumi na moja, tano tano, kila mmoja na vifungo vyake kwa sababu sokoni Owino siku ile vilikuwepo vya bluu tu. Yaani hilo tunalojisifia, kwamba hakuna mdoli wetu unaofanana na mwingine, ndo hilo hilo linalotuua kwenye vipimo. Kwa hiyo kazi ya sheria inaanzia kwenye meza ya kukatia, ukisubiri mpaka maabara umechelewa.

Anza na umri

Jiulize kitu chako ni cha mtoto kweli au cha nyumba. Kikapu cha raffia cha kuwekea matunda sio bidhaa ya mtoto hata kama mtoto atakigeuza kofia. Kikapu hichohicho ukikishonea masikio ya sungura na ukakipiga picha kikiwa kimejaa nepi, umeshakiingiza. Wanaangalia umekiandikaje, umekitangazaje, na mtu wa kawaida akikiona atasema ni cha nani. Kuna watu wanaandika "pambo, sio la watoto" kwenye kitembo laini chenye tabasamu, wanadhani wametoroka. Hawajatoroka. Na ujanja wa kuandika "miaka 3 na zaidi" kwenye mdoli laini wa kukumbatia nao haufanyi kazi, Ulaya wanasema wazi kwamba mdoli wa kujazwa pamba wa kushikwa na kukumbatiwa ni wa mtoto chini ya miaka 3 upende usipende, na hao wa chini ya miaka 3 ndo wenye masharti makali kuliko wote.

Halafu chagua malighafi kama unavyochagua mchumba

Viwango vya Marekani kwa risasi: ndani ya malighafi yenyewe isizidi sehemu 100 kwa milioni, kwenye rangi ya kupaka isizidi 90. Hizo namba zilinitisha mpaka nilipozigeuza kuwa za jikoni. Chukua gunia la unga wa posho la kilo 50, weka gramu 5 za chumvi, yaani kijiko cha chai ambacho hata hakijajaa, koroga lote. Hiyo ndo 100. Huwezi kuiona kwa macho wala kuinusa, usije ukaniambia "rangi yetu ni nzuri tunaijua".

Habari njema ni kwamba kuna malighafi ambazo wao wenyewe wameshakubali hazina risasi ya kuvuka kiwango, hupimi. Mbao, karatasi, pamba, sufu, kitani, vitambaa vya nyuzi za pamba hata vikiwa vimetiwa rangi, mbegu, maganda ya njugu, mifupa, manyoya, nta ya nyuki, ngozi. Angalia hiyo orodha vizuri halafu angalia kinachouzwa pale vibanda vya nyuma ya National Theatre, ni kama waliandika wakituangalia sisi. Nyuzi za mgomba zinatoka kwenye mmea, katani ni mmea, shanga za mbegu ni mbegu. Sharti ni moja tu, usikipake wala kukichovya kwenye kitu kitakacholeta risasi. Mbao ya musizi iliyopigwa msasa vizuri na kusuguliwa nta ya nyuki inapita kwenye risasi bila maabara, mbao hiyohiyo ukiipaka rangi ya mafuta ya njano ya kopo umeshajinunulia kipimo. Na njano, machungwa na nyekundu ndo za kuogopa zaidi, manake ndo rangi zinazotengenezwa kwa unga wenye risasi pale mwenye kiwanda anapotaka zing'ae kwa bei rahisi.

Kuhusu kitenge nisikilizeni vizuri, hapa wengi wanaanguka. Ile ruhusa ya vitambaa inahusu kitambaa kilichotiwa rangi mpaka ndani ya uzi, haihusu kitambaa kilichochapwa michoro juu baada ya kufumwa. Kwa hiyo batiki, kitambaa cha kuchovya, pamba ya rangi moja, hizo uko salama. Kitenge cha bei ya chini cha Kiyembe ni chapa. Ukitaka kujua kigeuze: wax ya kweli upande wa nyuma unafanana na wa mbele, rangi imeingia mpaka chini na utaona vimipasuko vidogo vya nta, ile ya kuchapwa nyuma imepauka kama picha iliyokaa juani. Sisi sasa mwili wa mdoli ni pamba ya rangi moja, kitenge tunakiweka gauni tu, aina mbili, na tunanunua jora zima ili kitambaa kiwe kilekile miezi na miezi, tukikipima mara moja kipimo kinatufikisha mbali.

Shanga za karatasi najua ndo roho ya kinamama wengi hapa, kuanzia Kireka mpaka Banda. Karatasi yenyewe haina shida, hata iliyochapwa rangi za kawaida za magazeti. Shida ni vanishi. Vanishi ni rangi ya kupaka machoni pa sheria, inapimwa kwa kile kiwango cha 90, na hicho kipimo hakina msamaha kwa mdogo wala mkubwa. Halafu shanga ikikatika uzi ni kitu kidogo cha kumezwa. Ushauri wangu, shanga uwauzie watu wazima, na kama lazima utengeneze za watoto basi za wakubwa kidogo, tumia vanishi ya aina moja, ya maji, kutoka kopo linaloandikwa namba ya kundi, na uiandike hiyo namba. Kuna kitu kinaitwa kupima kipande kwa kipande, yaani sio lazima upime bangili nzima, unapima vanishi peke yake, au muuzaji wa vanishi anakupa kipimo chake cha maabara inayokubalika na wewe unakiambatanisha, ili mradi ni kundi lilelile la kopo unalotumia.

Plastiki laini, ile ya PVC inayonuka mpya, achana nayo. Ina kemikali za kulainisha ambazo kwenye vitu vya kuchezea hazitakiwi kuzidi asilimia 0.1, na kuzipima ni gharama nyingine kivyake. Na pamba ya kujazia iwe mpya, tafadhali. Najua watu wanajazia vipande vya magodoro na vitambaa vya kuokota chini ya cherehani. Kuna majimbo kule, kama Pennsylvania, yana sheria yake ya peke yake kuhusu kilichomo tumboni mwa mdoli, kiwe kipya na kiandikwe kwenye lebo.

Jerikani

Hii ndo sehemu ninayoipenda. Kitu chochote kitakachochomoka kwenye mdoli wa mtoto chini ya miaka 3 na kikaweza kumkaba, umekwisha. Wana kipimo cha kopo dogo la bomba, upana wake ndani ni milimita 31.7, kina chake ni cha mshazari kuanzia kama sentimita 2.5 mpaka 5.7, kitu kikiingia chote humo bila kukibana basi ni kidogo mno. Upana huo ni karibu sawa na kifuniko cha chupa ya soda. Zungushia karatasi ngumu kwenye kifuniko cha soda, gundisha, kata mshazari chini, umepata kifaa cha mezani. Sio cha maabara lakini kitakuzuia kupeleka ujinga maabara ukalipia.

Ila sio kwamba kitu kikiwa kimeshonwa umeshapona, wanakivuta. Kwa kipimo cha Ulaya, kitu kikubwa kuliko milimita 6 kinavutwa kwa nguvu ya nyutoni 90, yaani kama kilo 9 hivi zinaning'inia, na mishono ya mdoli inavutwa kwa 70. Marekani kwa watoto wa mwaka mmoja na nusu kupanda ni kama kilo 7 kasoro. Sasa sisi mashine hatuna, tuna jerikani ya lita 10. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu imeisha. Tulimfunga tembo wetu mwenye macho ya vifungo kwenye papi ya dirisha, tukapitisha kamba chini ya kifungo, tukaning'iniza jerikani tupu halafu mama wa Bombo akawa anamimina kwa kikombe cha lita moja huku tunahesabu kwa sauti kama watoto wa shule. Lita ya tatu poa. Ya nne uzi ukaanza kulia, mnajua ile sauti ya uzi wa bei rahisi. Ya sita kifungo kikaruka kikagonga bati, jerikani ikaanguka, chumba kizima maji, na yule mdogo wa jirani aliyekuwa anachungulia mlangoni akakiokota kile kifungo na jambo la kwanza alilofanya ni kukitia mdomoni. Nilikitoa mimi kwa kidole. Tangu siku hiyo vifungo vya macho vilikwisha kwetu, macho tunadarizi kwa uzi, pua tunadarizi, mdomo tunadarizi. Na kwa kudarizi tumeua ndege watatu, hakuna rangi ya kupaka, hakuna kifungo cha kupima, hakuna kitu cha kuchomoka.

Masikio na mikono tunashona mara mbili, halafu jerikani tena, mdoli mmoja kutoka kila kundi. Anayefaulu hauzwi, maana ameshachoka.

Kamba na tepe ndefu usiweke kwa watoto wachanga, Marekani kwa hao wa chini ya miezi 18 kamba isizidi kama sentimita 30. Nguo za watoto zenye kamba za kufunga shingoni au kwenye kofia ya jaketi usijaribu kabisa. Na pijama! Kuna dada aliniambia anataka kushona pijama za kitenge za watoto za mtindo wa dera, nikamwambia weka chini mkasi. Nguo za kulalia za watoto zina sheria yake ya moto, kuanzia saizi za juu ya miezi 9 ama kitambaa kiwe hakishiki moto kirahisi ama nguo iwe ya kubana mwili kwa vipimo walivyoandika wenyewe, pamba pana inayopepea haipiti. Shona magauni ya mchana, masharti yake ya moto ni mepesi zaidi.

Nafuu ya mdogo

Ile marekebisho ya 2011 ilileta daftari la watengenezaji wa kiasi kidogo. Unajiandikisha mtandaoni kwa CPSC, kila mwaka upya. Masharti ni mauzo yako ya mwaka uliopita yasizidi dola milioni 1, ambayo huwa wanaipandisha kufuata mfumuko wa bei, na usiwe umetengeneza zaidi ya 7,500 za bidhaa hiyohiyo. Sisi hata tukishona mpaka vidole vianguke hatufiki. Kisheria anayeingiza mzigo naye anahesabika kama mtengenezaji, kwa hiyo kaa na mteja wako mpange hilo mapema. Ukishaandikishwa, vipimo kadhaa hulazimiki kuvifanyia maabara ya nje, kama risasi ndani ya malighafi na zile kemikali za plastiki. Lakini sikiliza, umesamehewa kupima, hujasamehewa kufuata. Mdoli wako ukikutwa na risasi kosa ni lako vilevile. Na kuna ambavyo havina msamaha kabisa: rangi za kupaka, vitu vidogo vya kukaba, vidani vya chuma vya watoto, vitanda vya watoto, chuchu za bandia za kunyonya. Sasa unaona kwa nini napiga kelele ya kudarizi. Mdoli wa pamba uliodariziwa unabaki na kipimo kimoja kikubwa, cha kuvuta na vitu vidogo, basi.

Maabara lazima iwe kwenye orodha ya CPSC, iko kwenye tovuti yao unatafuta kwa nchi. Maabara ya hapa hata iwe nzuri vipi na wataalamu wake wawe wasomi vipi, kama haimo kwenye hiyo orodha karatasi yake haihesabiki Marekani. Kampuni kama SGS, Intertek na Bureau Veritas zina maabara zilizomo, uliza bei sehemu mbili tatu, na waulize kabla: mnahitaji sampuli ngapi? Manake sampuli zinakatwa na kuchomwa, hazirudi, ukishona midoli 20 na wao wakataka 6 fanya hesabu mwenyewe. Kupima upya kila mwaka kusikutie presha, kunawahusu waliopita bidhaa 10,000. Ila ukibadilisha kitu, uzi, pamba, kitambaa, hapo ni bidhaa mpya.

Daftari na lebo

Kila mdoli uwe na lebo ya kudumu, kwa kitambaa sisi tunashonea utepe wa pamba kwenye mshono wa mgongo. Iseme nani ametengeneza, wapi, lini, na namba ya kundi. Ya kwetu inasomeka jina la kikundi, Kampala Uganda, mwezi na mwaka, halafu kundi 14. Nasser Road wanachapa hizo tepe, ila mwambie akupe moja uifue mara tano kwanza, ya kwetu ya kwanza maandishi yaliisha kwenye beseni.

Kundi 14 kwenye daftari ni ukurasa mmoja: risiti ya kitambaa imebanwa kwa pini, kipande kidogo cha kitambaa kimegundishwa, uzi umezungushwa kwenye karatasi, pamba ilinunuliwa kwa nani, nani alishona, jerikani ilifika lita ngapi. Muuzaji wa Kikuubo atakuangalia vibaya ukimwomba risiti ya bunda la uzi, omba tu. Karatasi za vipimo Marekani wanataka zikae miaka 5, Ulaya faili lako likae miaka 10.

Mteja wako akiandika ile CPC atakuuliza mambo saba na majibu yote yako kwenye daftari: bidhaa gani, imefuata sheria zipi, nani ameingiza, nani ameshika karatasi za vipimo, ilitengenezwa wapi na lini, ilipimwa wapi na lini, maabara gani.

Ulaya

Kule umri ni chini ya miaka 14, alama ni CE, sheria kubwa ni ile ya 2009/48/EC na viwango vyake ni EN 71: ya kwanza mambo ya kuvuta na kukaba, ya pili moto, ya tatu madini yanayotoka kwenye rangi na malighafi. Tofauti tamu ni kwamba ukifuata viwango vyote mwenyewe unaweza kujitangazia kwa sahihi yako kwamba umefuata, hulazimishwi maabara yao, mradi faili lako la ushahidi limekamilika. Tofauti chungu ni kwamba tangu tarehe 16 Julai 2021 kwa vitu vya kuchezea lazima awepo mtu au kampuni ndani ya Ulaya yenyewe anayewajibika kwa bidhaa yako, jina lake na anwani yake vionekane. Kama unamuuzia duka, mwenye duka anayeingiza mzigo ndo huyo. Kama unamuuzia mzazi mmoja mmoja kwa mtandao, itabidi umtafute.

Na hapa nyumbani

Msidharau UNBS, shirika letu la viwango. Ofisi zao kubwa ziko Bweyogerere, ukifika na mdoli mkononi uulize standadi ipi inauhusu na kama ni ya lazima. Tangu kanuni za 2018, bidhaa iliyo chini ya standadi ya lazima haitakiwi kuuzwa bila ile alama yao. Wakati unaenda uwe umeshasajili jina la biashara URSB, manake kila ofisi itakuuliza hilo kwanza, na mteja wa nje naye.

Kuhusu kutuma mizigo Marekani mambo yamebadilika. Uganda ilitolewa kwenye AGOA, ule mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, kuanzia Januari 2024, na ule msamaha wa paseli ndogo za chini ya dola 800 ulisimamishwa tarehe 29 Agosti 2025, kwa hiyo ile staili ya kutuma midoli kumi kama zawadi ya shangazi isahau. Na kuanzia tarehe 8 Julai 2026 taarifa za cheti cha mtoto zinatakiwa zitumwe kwa kompyuta mzigo unapoingia, sio karatasi ya kutafutwa baadaye wakikuuliza.

Bei

Gharama ya kupima iweke kwenye bei kabla hujataja bei. Chukulia tu mfano, maabara imekudai dola 400 kwa mdoli wa aina moja. Ukiuza 40, kila mmoja amebeba dola 10 mgongoni, mteja atakimbia. Ukiuza 800 kwa miaka miwili bila kubadilisha kitu, kila mmoja amebeba senti 50. Kwa hiyo sisi tulikaa chini siku moja, tukagombana kweli, watu wakanuna, tukakata kutoka aina kumi na moja mpaka tatu: mdoli mmoja wa pamba, tembo mmoja, na kigari cha mbao kisicho na rangi. Gauni ndo linabadilika, na lenyewe kwa vile vitenge viwili tu.

Yule tembo wa macho ya vifungo tumebaki naye mmoja, jicho moja hana. Akija dada mpya kujiunga anapewa yeye, kamba, na jerikani, anaambiwa amimine ahesabu.